Kanga Nyekundu za Kwaya

Kwaya ya shule yetu ya wasichana ilichukua kikombe mara moja tu, ukumbini Mnazi Mmoja, na siku hiyo siipendi hadi leo. Mama, muuza kanga wa jumla Kariakoo, alitupa kanga nyekundu zilizomdodea dukani, tukazifunga kiunoni juu ya sketi. Mama ni mtu wa Moshi. Kanga kwake ni rangi na bei, maandishi hana habari nayo. Watu wa Pwani huanza na maandishi.

Tulipojipanga jukwaani, akina mama wa safu ya mbele wakaangua kicheko. Nilidhani nimekosea sauti. Kumbe wanasoma kanga zetu: "Ushaachwa, hujijui."

Tukashinda. Mama alipiga vigelegele kuliko wote, akaitundika picha yetu dukani.

Mtaa mzima, mimi nikiwemo, ulijua kwamba baba hayuko safarini kufuata mzigo, kama mama alivyoamini. Alikuwa Tabata, kwa mwanamke mwingine. Nilinyamaza, mjinga mimi, huku mama akiifuta vumbi picha ile kila siku.

Asubuhi moja nikamkuta ameishusha ukutani, kaishika kwa mikono miwili, anasoma.