Mtaro wa Kifusi cha Jangwani

Niliporudi kutoka masomoni Ulaya ya Mashariki nilikuwa na stashahada ya maji ya migodini, na Dar es Salaam nzima sikumjua mwingine aliyekuwa nayo. Nasema hivyo bila haya. Nilizaliwa Kariakoo katika chumba cha kupanga, nikabeba magunia ya viazi sokoni ili nisome, na hakuna mjomba aliyenishika mkono kunipeleka ofisini. Kwa hiyo alipotafutwa mtu wa kuondoa kifusi cha Jangwani, niliitwa mimi.

Kifusi chenyewe kilikuwa mabaki ya mgodi wa bara. Wakoloni waliyaleta kwa reli wakayamwaga ukingoni mwa bonde ili kufukia matope. Mvua ikinyesha, maji yaliyopita humo yalitoka na rangi ya kutu, na kila yalipotiririka majani yalikauka. Hatua chache chini yake palikuwa na matuta ya mchicha ya mama mmoja mjane, na kisima chake kilichonywesha majirani.

Nilimkuta akipalilia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mtaalamu?"

"Ndiye mimi."

"Basi kiondoe. Lakini kisima changu kikiharibika, hiyo karatasi yako ya Ulaya nitaifungia karanga."

Nilimweleza mpango. Kifusi kikishafumuliwa huwa cha hatari zaidi, maana mvua inaingia mpaka ndani. Tungechimba mtaro wa juu, wa kuzuia maji safi yasikifikie, na mtaro wa chini wa kupokea machafu na kuyapeleka kwenye bwawa, ng'ambo ya matuta yake, yatuame. Halafu malori yangebeba kifusi kidogo kidogo, kinachobaki kikifunikwa turubai.

Jumapili mabalozi wa nyumba kumi waliwatoa watu wao kwa kazi ya kujitolea. Mtaro wa chini niliugawa vipande vitatu, kila balozi na chake. Nikaona nisiwasumbue kwa sentimita.

"Chimbeni hadi kiunoni," nikasema, nikaenda kusimamia mtaro wa juu.

Kila kundi likapima kwa kiuno cha balozi wake, kwa heshima. Wawili wa kwanza walikuwa warefu. Wa tatu, mwenye kipande cha mwisho kinachoingia bwawani, alikuwa mfupi kuliko wote. Watu wake walimaliza mapema, wakakaa kunywa kahawa na kuwacheka wenzao: "Nyinyi mnachimba mtaro au kisima?" Jioni niliukagua kwa macho tu, nikaridhika. Siku ya pili tukaanza kukifumua kifusi.

Jumanne asubuhi mvua ilishuka. Maji mekundu yalijaa mtaroni, yakafika kipande cha mwisho, yakagota na kurudi nyuma. Nilipofika yalikuwa yameanza kumwagika kuelekea kisimani. Yule mama alikuwa amesimama na jembe, na balozi mfupi pembeni yake.

"Sisi tulichimba hadi kiunoni, kama ulivyosema," balozi akaniambia.

"Kiuno cha nani?"

"Changu. Ulitaka cha nani?"

Kuongeza kina mtaro ukiwa umejaa kusingewezekana kwa wakati ule. Njia ya mkato ya kufika bwawani ilipita katikati ya matuta ya mama, na mimi, mtu nisiyekosa maneno, nilishindwa kuitaja. Aliona ninakotazama.

"Tukikata hapa yatafika bwawani?"

"Yatafika, mama. Lakini matuta manne hayatafaa tena."

"Mchicha nitapanda kwingine. Kisima nitakihamishia wapi?"

Akapiga jembe la kwanza mwenyewe, juu ya mchicha uliokuwa tayari kuvunwa. Balozi mfupi akaingia kando yake, kisha mimi na viatu vyangu vya ngozi. Maji yaligeuka upande yakiwa yamebakiza kama shubiri moja kufika kisimani.

Kosa lilikuwa langu, si la kiuno cha mtu. Kesho yake tulisimamisha kazi, tukakifunika kifusi chote kwa turubai; nikakata vijiti vya urefu mmoja vya kupimia kina, nikampa kila balozi chake. Jumapili iliyofuata, kabla ya kugusa mtaro, watu wote walimlimia mama matuta manne mapya upande wa juu, kusikofikiwa na maji yale. Mtaro ulipokwisha, aliomba kijiti kimoja. Akautembea wote, akikisimamisha kila baada ya hatua mbili, na kwenye kipande cha mwisho alikaa zaidi. Malori yalisubiri.

"Sawa," akasema. "Bebeni."

Ndipo tukalifunua turubai.