Kabati Isizimwe Ikiwa na Moto

Amulen wa Tororo, upande wa Uganda, anapamba maharusi. Anasuka, anapaka, anafunga kilemba, halafu anamwendesha bibi harusi mwenyewe mpaka kanisani kwa gari yake nyekundu. Na tusidanganyane, hiyo gari ndiyo inamletea kazi. Milango yake ya nyuma inafunguka kinyume, kama kabati, kwa hivyo watu wa TikTok wakaiita Kabati na jina likashika. Bibi harusi akishuka pale hajikunji, gauni linatoka lote likiwa zima. Mmoja alikomenti, "Dada, mimi nataka tu kupanda Kabati, bwana atatafutwa baadaye."

Shida iko chini ya boneti. Gari za watu zina pistoni, zinapanda zinashuka na adabu zao. Kabati ina injini ya rotari. Ndani kuna vyuma viwili vya pembetatu, ndizo rota, fikiria sambusa, vinazunguka mbio mpaka unasikia mlio kama nyuki wamekasirishwa. Kwenye ncha za hizo sambusa kuna vipande vyembamba vya kuzuia pumzi isitoke, mafundi wanaviita sili. Sili zinataka oili kila wakati, ndio maana aliyeiunda aliiwekea mirija midogo ya kuzidondoshea. Yaani inakunywa, lakini inakunywa kwa ruhusa.

Sasa nenda umwambie hivyo Mjomba Ojulong. Huyo ni kaka ya mama yake Amulen, fundi wa malori ya saruji, na kwake gari inayokula oili ni gari mgonjwa. Mwaka jana aliachiwa Kabati kwa servisi tu. Akaona oili inapungua, akaona mirija, akaziba yote. Akamrudishia mpwa wake ufunguo akicheka: "Nimeiachisha pombe!"

Na kweli ikaacha. Sili zikakauka, zikasagika polepole. Siku hizi Kabati ikipoa inawaka vizuri, utadhani imeokoka. Lakini ukiizima ikiwa na moto, umekwisha. Utapiga stata mpaka betri ikuombe msamaha.

Kevo, fundi wa Busia upande wa Kenya, aliipima akatikisa kichwa.

"Amu, huku hakuna pumzi. Rota ya nyuma imebaki kukohoa tu. Niifungue nijenge upya, sili mpya, kila kitu. Ama uendelee kuomba."

"Mjomba anasema anatoa hii, anaweka ya pistoni. Ako nayo, ilitoka kwa gari iligongwa. Ananipea bure."

"Sawa, aweke. Bibi harusi ashuke na mlio wa mashine ya kusaga posho."

Amulen alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Akiba yake yote ilikuwa ya chumba kimoja karibu na soko la Tororo, chumba cha saluni, chenye dirisha la barabarani. Amekitamani toka akiwa anasuka watu barazani kwa mama yake. Mwenye nyumba alitaka jibu Jumatatu. Akijenga injini, chumba kinaenda. Akikubali pistoni, chumba ni chake, na Kabati inabaki milango tu. Akasema ataamua baada ya harusi ya Jumamosi. Si unajua ile kuamua ya "nitaangalia"?

Jumamosi ikafika. Bibi harusi alikuwa Betty wa Masaba, huku huku Uganda, anaolewa upande wa Kenya, kanisa liko mbele kidogo ya mpaka. Amulen alikuwa na mpango mmoja tu: asizime. Alitoka Tororo injini ikinguruma, akampamba Betty nyumbani kwao injini ikinguruma, na wenye boma wakauliza kama hiyo gari inalipwa kwa kelele. Kiti cha mbele alikaa Shangazi Maximilla, dada ya baba yake Betty, gomesi yake ya zambarau, lile gauni pana la mabega yaliyochongoka, ikiwa imejaa mpaka kwenye gia. Nyuma yao ikafuata vani ya mashangazi wengine, wakiimba.

Siku zote pale mpakani magari ya harusi yanapungiwa mkono yapite. Siku hiyo alisimama afisa mgeni, amevaa shati limenyooka vibaya sana.

"Habari ya harusi? Zima gari, fungua boneti. Tunalinganisha namba ya injini na kadi."

"Afande, si tuiache tu iungurume? Bibi harusi anasikia joto."

"Nisome namba kwa injini inatetemeka? Zima, dada."

Amulen akashika ufunguo. Akageuza. Wale nyuki wakanyamaza, na nyimbo za vani zikasikika peke yake.

Afisa akainama, akasoma, akalinganisha, akaridhika. "Iko sawa. Ingekuwa injini nyingine mngelala hapa mpaka kadi ibadilishwe. Endeni salama."

Amulen akapiga stata. Rururururu. Hakuna kitu. Akapiga tena. Ruru. Ru. Sauti ilikuwa inashuka, na jasho lilikuwa linapanda. Kwenye kioo aliona macho ya Betty yamekuwa makubwa, na ule wanja alioupaka yeye mwenyewe uko karibu kumwagika.

"Betty, usilie. Ukilia nakushtaki."

"Si useme tu, Amulen. Tumekwama?"

Mashangazi walishatoka kwenye vani. Mmoja akakunja mikono ya gomesi: "Tusukume! Si ni gari ya gia, itashika!"

Shangazi Maximilla akafungua mlango kama ametumwa na polisi.

"Nani anasukuma? Nani? Bibi harusi hasukumwi kwenda kwa mume! Wale watu wako pale mbele na masimu, wanapiga picha. Siku ile Betty atachoma ugali, watamwambia, wewe nyamaza, si kwenu walikusukuma? Rudini kwa gari!"

Wakarudi. Na alisema kweli. Hiyo video ingetembea vijiji vyote vya mpakani kabla ya sala ya kwanza. Ingetembea na jina la Amulen pia.

Amulen akamsogelea, akanong'ona ukweli wote. Kwamba ikiwa na moto haiwaki. Kwamba alijua tangu asubuhi. Kwamba betri imebaki na nguvu ya mara moja, kama ni nyingi.

Shangazi akamtazama kutoka kilemba mpaka viatu. "Ulijua, na ukamweka mtoto wangu ndani?"

Amulen akaangalia boneti.

"Inataka nini?"

"Ipoe."

Shangazi akavuta pumzi, akatoa simu.

"Haloo, watu wa bwana harusi? Bibi amefika mpakani. Eeh. Lakini havuki hivi hivi kama mfuko wa vitunguu. Tumemlea. Kujeni mmkaribishe!"

Si wanajua desturi? Bibi harusi hasogei mpaka abembelezwe kwa zawadi, ila kawaida hiyo hufanywa mlangoni kwa bwana, si mpakani. Walikuja mbio, msimamizi wa bwana harusi mbele, na kreti ya soda. Shangazi akaigusa na kidole. "Hii imepata jua." Akamtupia jicho Amulen, aliyekuwa ameweka kiganja kwenye injini. Amulen akatikisa kichwa. Bado.

Wakaleta leso. "Hii ni ya bibi ama ya kupangusia meza?" Jicho. Bado.

Wakaleta jogoo. Mashangazi wakacheka, wakaimba jogoo amekonda, wakacheza kuizunguka Kabati. Hata yule afisa alikuwa anatikisa bega. Amulen peke yake hakucheza. Alijiona vile alivyo: watu wazima wanaruka juani kuficha kitu alichokuwa anajua.

Msimamizi akaja, shati limelowa. "Mama, tafadhali. Mchungaji ana harusi nyingine. Anasema anafunga kitabu, anaondoka."

Shangazi hakuwa na desturi nyingine mfukoni. Akamgeukia Amulen.

Injini ilikuwa vuguvugu, bado haijapoa. Akisubiri, mchungaji anaondoka. Akijaribu mapema, betri inakwisha na Betty anasukumwa. Amulen akaketi, akakanyaga klachi, akageuza.

Ru. Ru... ru...

Kikohozi kimoja. Kingine. Moshi mweupe ukamfunika msimamizi na jogoo wake, halafu nyuki wakaamka wote kwa mara moja. Vigelegele vikapasuka. Betty akapiga kelele kama amefunga goli.

Mbele ya kanisa, Betty aliposhuka vizuri, gauni lote likiwa zima, Amulen akaizima Kabati kwa mkono wake mwenyewe.

"Unafanya nini?" Shangazi akashtuka. "Bado tuna safari ya kwenda kwa karamu!"

"Mtatumia vani, Shangazi. Mimi simbebi mtu tena na hii mpaka ipone. Mniwie radhi."

Shangazi alimkemea vizuri, na alistahili. Baada ya ibada Betty aliingia kwenye vani amejikunja, kilemba kikagonga paa kikaenda upande, na kuna mtu aliweka hiyo picha mtandaoni kabla mlango haujafungwa.

Amulen akampigia mjomba.

"Ile pistoni uuze, Mjomba. Leo wamesoma namba ya injini, ingekuwa nyingine ningelala mpakani. Kazi yangu iko pande zote za mpaka. Najenga hii hii."

"Na chumba chako?"

"Nitampigia mwenye nyumba akipangishe mtu mwingine. Na mirija, utaenda umwonyeshe Kevo ile uliziba."

"Wewe mtoto. Sawa, nakuja."

Kevo alifika na pikapu na kamba, akafunga, akaiangalia Kabati na maua yake ya plastiki.

"Tutoe kwanza hizi riboni? Tunapita katikati ya mji, watu watakurekodi, Amu."

"Wacha warekodi," Amulen akasema, akaingia nyuma ya usukani. "Vuta."