Mwenye Bucha na Watu wa Dirishani

Kuandika sipendi, na wajukuu zangu wanajua. Kalamu nimeishika ukubwani, herufi zangu zinakwenda kila moja njia yake. Lakini wamenikaba koo: bibi, tuandikie habari za babu na magari yake. Nikawaambia babu yenu yupo hai, mkamuulize. Wanasema babu akiulizwa anaonyesha magari tu, hasemi kitu. Hilo ni kweli. Basi naandika, na wa kucheka mwandiko wangu akachekee kwao.

Mume wangu ana bucha. Wateja wanamwita Mzee Bati, na jina hilo hakulipata kwa nyama. Mkono wake unapasua mguu wa ng'ombe kwa pigo moja, lakini gari la bati analinyanyua kwa ncha za vidole, kama kifaranga. Ni magari ya kuchezea yaliyotoka Japani zamani, kabla plastiki haijatawala. Ukilisugua sakafuni linanguruma, ukiliachia linakimbia lenyewe.

La kwanza lilikuja na mtoto wa mteja, paa limebonyea. Mume wangu akaacha kutazama mzani, akatazama gari. Likabaki buchani, mteja akaondoka na maini. Habari zikaenea, watu wakaanza kupekua mastoo yao. Kabati langu la vyombo likageuka gereji, vyombo vikahamia kapuni. Nilipiga kelele mpaka nikachoka. Baadaye nikawa nayafuta vumbi mwenyewe, maana yeye anafuta vibaya.

Alilolipenda kuliko yote lilikuwa la buluu. Madirisha yake hayakuwa na tundu. Watu walichapwa kwa rangi palepale kwenye bati. Baba mwenye sharubu ameshika usukani, mama amevaa kofia, mtoto nyuma anachungulia nje.

Sasa binti yetu akapata mchumba, fundi wa kupiga rangi magari. Kijana mwenye adabu, mimi nilikuwa nimeshamkubali moyoni. Mume wangu alikuwa bado anamtazama tu. Wale wawili wakapanga kumfurahisha: binti akalitoa lile la buluu kabatini kimyakimya, mchumba akaenda nalo gereji. Siku aliyokuja kuomba mke, alilileta limefungwa kitambaa kipya. Likafunguliwa. Jekundu, linang'aa, ungeweza kujitazama ukachana nywele.

Mume wangu akaligeuza upande huu, akaligeuza upande ule.

"Watu wako wapi?" akauliza.

"Watu gani, mzee?"

"Waliokuwa ndani."

"Ah, wale. Walikuwa wamepauka, mzee, nikaona niwafunike tu."

"Mama yako naye amepauka. Umeshampiga rangi?"

Kijana akainamisha kichwa. Binti akasema, "Baba, mimi ndiye niliyempa." Mume wangu akajibu kwamba aliyempa ni mtoto wake, hana pa kumpeleka, lakini huyu aliyepokea anajua njia ya kurudi kwao. Akaingia chumbani, mlango akaurudisha.

Binti akaanza kulia. Mimi si mtu wa kutazama ndoa ya mwanangu ikifa sebuleni kwangu kwa sababu ya bati. Nikamwambia kijana, "Wewe huendi popote. Rangi umeipaka wewe, utaitoa wewe." Nikamwekea pamba na spiriti mezani, nikakaa mbele yake. Alipotaka kutumia dawa kali ya gereji nikampiga kofi mkononi. Pole pole, nikamwambia, huogeshi lori.

Akafuta. Mgongo ukamuuma, akafuta. Ikatokea kofia, kisha jicho la mama. Mlango wa chumbani ukafunguka kidogo. Mtoto wa nyuma alipochungulia, mume wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti, anapumulia shingo ya mwenzake.

"Usibonyeze hapo," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Sogea nione."

Akavuta kigoda. Wakawa wawili vichwa vimegusana, mimi nikasahauliwa nyumbani kwangu mwenyewe. Baba wa usukani akatokea mwisho, ila sharubu zake upande mmoja zilikwenda na pamba.

"Naweza kuzichora, mzee," kijana akasema. Nikafumba macho. Kisha nikamsikia anajirekebisha: "Hapana. Tumwache hivyohivyo. Nikimchora atakuwa mtu mwingine."

Mume wangu akaliweka gari mezani, akamgeukia.

"Nyumbani kwenu mnapenda nyama ya mfupa au steki?"

"Ya mfupa, mzee."

"Kesho upite buchani. Nitakufungia paja zima umpelekee mama yako, na umwambie linatoka kwa mkwe wenu."

Ndiyo ndoa ya wazazi wenu hiyo, enyi wajukuu mliokuwa mnanisumbua.

Nimemaliza, na vidole vimekakamaa. Sasa zamu yenu. Kila aliyesoma aniandikie kuhusu mtu mmoja wa nyumbani kwake na kitu anachokipenda ambacho wengine wanakiita takataka. Herufi ziwe kubwa, macho yangu si ya jana. Na msiniletee habari za kusikia.