Gia Iliyotoka Nassa

Nilikuwa nyumbani, nje kidogo ya mji wa Bariadi, nikipanga vitu vya marehemu mama, alipokuja kijana mmoja na pikipiki kutoka upande wa Lalago. Alinikuta uani nachambua choroko. Alinisalimia kwa zile salamu za siku hizi, ambazo mtu anazitoa huku bado anazima pikipiki, kisha akasema ameelekezwa kwamba hapa kuna pawatila ya kizamani, yaani trekta la mkono, na yeye anatafuta gia ya pawatila kama hiyo. Mjini amezunguka kote. Maduka yamejaa spea, lakini ni za mashine mpya. "Mzee mwenye mashine yupo?" akauliza. Nikamwambia mwenye mashine amefariki. Zaidi ya hapo sikumwambia kitu. Nikabaki nimekaa na ungo wangu mapajani, kwa sababu neno lile gia lilikuwa limenirudisha mbali sana.

Nawe uliyekulia Usukumani enzi zile za ruksa utakumbuka. Ghafla vitu vikawa vinapatikana: sabuni za kunukia, redio, mabeseni ya plastiki, mitumba yenye harufu ya dawa. Pamba ikaanza kununuliwa na watu wenye magari yao wenyewe, na duka la ushirika, ambako baba alilichukua lile trekta la mkono, likafungwa. Tukitoka shule tulichungulia kwenye nyufa za mlango wake. Ndani zilibaki rafu tupu na popo. Kila kitu kilikuwa ruksa na kila kitu kilikuwepo, isipokuwa spea za trekta letu.

Tuliliita trekta la mkono kabla jina la pawatila halijatufikia. Lina magurudumu mawili tu. Unashika mikono yake miwili na kutembea nyuma yake, huku visu vinachimbua tope la majaruba ya mpunga. Baba alilipenda mno, hata mama akawa anamtania kwamba ameoa mke wa pili, na huyo wa pili anakunywa dizeli. Kisha baba akaugua, akafariki, na mama akaishika ile mikono miwili mwenyewe. Tangu siku ya mazishi hakulitaja tena jina la baba. Akibanwa sana alisema "mwenye nyumba", halafu akatafuta kazi ya kufanya.

Mvua zilipoanza kunyesha, gia ya trekta ikakatika meno. Msimu uliotangulia hatukuwa tumelima kwa sababu ya msiba, na baba mdogo alikwishasema mbele ya ukoo kwamba majaruba yakilala msimu wa pili, atayachukua yeye. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole kabisa, akiwa amekaa kwetu anakunywa maziwa yetu ya mgando. Lakini mpunga wa majaruba yale ndio uliotuweka pamoja. Ng'ombe wa kukokota plau hatukuwa nao tena, na mama alijua kwamba mashamba yakienda, na sisi watoto tutagawanywa kwa mashangazi kama vyombo vya nyumba inayohama.

Basi tukaanza kutafuta gia. Mama hakwenda popote bila mimi, binti yake mkubwa, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani, na wenye maduka mapya waliongea haraka. Aliifunga ile gia mbovu kwenye kipande cha khanga, na kwenye kikapu tukatia michembe ya viazi vitamu ya kutafuna njiani. Mjini Bariadi muuza duka mmoja aliipimapima kiganjani kama anayenunua nyama. "Mama, hii haiji tena," akasema. "Chukua redio." Mama akamwuliza kama redio inalima. Nilitafsiri kwa adabu zaidi kidogo.

Tukafika mpaka Lamadi, mahali palipojaa vumbi la malori na harufu ya dagaa. Huko kila gari linaloharibika barabarani huacha kitu, nasi tuliamini kwamba kwenye chuma chote kile yetu haiwezi kukosekana. Haikuwepo. Lakini fundi mmoja mwenye kucheka sana, aliyewahi kufanya kazi karakana ya ushirika, aliikumbuka. Alisema trekta zile zilishushwa mbili siku moja, mapacha kabisa. Moja ndiyo hiyo yenu. Ya pili ilikwenda Nassa, mwenyewe amekufa, mashine imelala bandani na mama yake mzazi hataki kuiuza. Akakubali kutupeleka.

Tulifika Nassa asubuhi, na mpaka leo nalikumbuka lile banda. Lilikuwa limefagiwa. Mashine ilikuwa safi kuliko yetu, na kwenye mikono yake lilitundikwa shati la kiume, limefuliwa na kupigwa pasi. Mbele yake palikuwa na bakuli la maji, na maji yalikuwa mapya. Kuku walijaa uwanja mzima, ila hakuna hata mmoja aliyevuka mstari wa kivuli cha banda. Nilijaribu kumfukuzia mmoja huko. Alizunguka.

Bibi mwenye nyumba alitupokea vizuri, akatupa ugali wa mtama na furu, samaki wadogo wa ziwani. Mama alipoeleza shida yake alisikiliza mpaka mwisho.

"Kamwombeni mwenyewe," akasema. "Mimi siyo mwenye mashine."

"Mayu, sisi tunasali," mama akajibu. "Wafu hatuwaombi."

"Nani amesema umwombe kama Mungu? Msalimie. Unaingia kwa mtu, humsalimii, unamfungua tumbo?"

Kwetu salamu siyo neno la kutupa. Mwanamke anapiga goti, anasema mwangaluka, yaani habari za asubuhi, akiongeza baba au mayu, yaani mama, kisha anangoja. Mkubwa anamwuliza, ng'wa nani, yaani mtoto wa nani, naye anataja jina la baba yake, na kama ameolewa anataja na nyumba aliyoolewa. Hapo ndipo anapojulikana. Mama aliutazama mlango wa banda kwa muda mrefu. Najua sasa kilichomzuia. Wakati ule nilidhani ni dini tu.

"Haya, chukueni," bibi akasema hatimaye. Hakukasirika, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Nina wajukuu, siwezi kuwanyima watoto wa mwenzangu chakula. Lakini atawauliza yeye mwenyewe."

Mama akamwachia kitenge chake kipya na kumshukuru, wabeja sana, na fundi akaichomoa gia kwa haraka bila kucheka hata kidogo.

Ikaingia kwenye mashine yetu kama iliyozaliwa humo. Ikanguruma, tukashangilia, tukaingia jarubani. Mama alianza kulima kuelekea kaskazini, na hakuwa amefika mbali trekta likaanza kuvuta kushoto. Akalirudisha. Likavuta tena, likaenda mpaka likapanda tuta la upande wa magharibi, likasimama pale linakoroma, pua yake imeelekea liliko ziwa, iliko Nassa. Fundi akasema gia imekaza upande mmoja, ndiyo kawaida ya spea iliyotumika. Tukaligeuza lielekee kusini. Sasa likavuta kulia. Kwenye tuta lile lile.

Nakuomba ufikirie hapo, kama fundi alivyofikiri mpaka akavua kofia. Mashine iliyokaza kushoto huvuta kushoto, hata ikienda wapi. Yetu ilivuta kushoto ikienda na kulia ikirudi. Alifungua akafunga, akafungua akafunga, kila kitu kiko sawa, na kila ilipowashwa ilirudi kwenye tuta la magharibi kama ng'ombe aliyenunuliwa mbali anavyotafuta njia ya kwao. Majirani wakaja kutazama. Siku ikaisha hivyo, na nyingine. Baba mdogo naye akaja, akakaa kwenye tuta la mbali. Maji yalikuwa yanajaa jarubani, na mpunga kitaluni ulikuwa unaanza kuwa njano kwa kungoja.

Asubuhi iliyofuata mama hakugusa mikono ya trekta. Aliliwasha, akaliacha likinguruma pale kwenye tuta, akaenda mbele yake, akapiga goti kwenye tope.

"Mwangaluka, baba," akasema.

Majirani wakasogea. Na mngurumo, ambao hakuna mtu aliyeugusa, ukashuka. Ukashuka mpaka ukawa sauti ya chini, kama mtu mzima anavyopunguza redio ili amsikie mgeni. Nilikuwa karibu kuliko wote na nilimwona mama akiinua uso kidogo, kama aliyeulizwa kitu. Akataja jina la baba yake. Akangoja. Kisha akalitaja jina la baba yetu, lote, na la ukoo, kwa sauti ambayo hata baba mdogo kule mbali aliisikia. Akasema ni mke wake. Akasema mumewe amekufa. Akasema ana watoto na hana gia.

Alilia pale chini, na mimi nikalia kwa sababu nilikuwa nimeanza kudhani amemsahau. Alipoinuka, alishika mikono ya trekta, likarudi nyuma kwa utaratibu, likageuka, likalima mstari ulionyooka mpaka mwisho wa jaruba. Fundi alisema dizeli ilikuwa na maji. Alisema hivyo akiwa amekwishapanda baiskeli yake. Baba mdogo akavua viatu, akaingia kwenye tope kutusaidia kupanda, na habari ya majaruba haikusikika tena kinywani mwake.

Tangu hapo mama alisalimia trekta kila asubuhi ya kulima, kisha akaenda kanisani Jumapili bila kuona tatizo lolote. Na jina la baba likarudi nyumbani kwetu. Alilitaja akipika, alilitaja akigomba, mpaka tukamzoea tena baba kama mtu aliyeko safarini.

Yote hayo yamekwisha. Majaruba yale sasa yana nyumba za mabati ya rangi. Duka la ushirika ni baa. Gia zinauzwa zikiwa kwenye mifuko ya plastiki, hazijawahi kuwa za mtu. Watoto wangu wakija huku wanamsalimia kila mtu kwa neno moja, na hakuna anayewauliza ni wa nani. Nami nimelala katika nyumba ya mama wiki nzima nikisikiliza, maana nilitegemea kusikia chochote, hata kikohozi. Sikusikia kitu.

Niliinuka na kumpeleka kijana bandani. Nikamwambia, nusu kwa utani, "Msalimie kwanza mwenye mashine." Akacheka, akaingia. Mimi nikabaki mlangoni natikisa pumba kwenye nguo yangu.

Nikamsikia akisema, "Mwangaluka, mayu."

Mayu. Siyo baba. Yeye aliyeniuliza habari za mzee. Mikono yangu ikasimama. Ndani akangoja, kama aliyeulizwa kitu, kisha nikamsikia, kwa sauti ya adabu ambayo hakuitumia kwangu, akitaja jina la baba yake.

Alitoka na gia ameifunga kwenye kitambaa, akanishukuru, akaondoka, na sikumwuliza lolote kwa sababu nilikuwa na wivu. Vumbi la pikipiki lilipotulia nikaingia bandani, nikapiga goti mbele ya ile mikono miwili iliyolainishwa na viganja vya mama. Nikasalimia. Na kabla sijaulizwa, nikalitaja jina la mama.