Alama Kwenye Kitufe cha Hawa

Bado naiona, mwanangu, siku niliyofika Garissa mara ya kwanza, mwishoni mwa miaka ya tisini. Basi lilitoka Nairobi alfajiri, likapita Thika, likapita Mwingi, kisha barabara ikanyooka na miti ikawa mifupi. Nilisinzia na kuamka, na kila nilipoamka nilikuta vumbi lilelile na ngamia walewale, kana kwamba hatusogei. Jua lilikuwa linazama tulipovuka daraja la Tana.

Ofisi iliyoniajiri iliwasaidia wakimbizi kutoka Somalia kutafuta jamaa zao waliotawanyika duniani. Mimi nilishika tovuti. Programu yake ilikuwa rahisi: unaandika ujumbe wa mtu, yenyewe inaupangia ukurasa, kisha ukurasa wa mbele unaweka kitufe chenye jina lake, na anayekibonyeza anafika kwenye ujumbe ule. Tukimaliza, disketi inapanda basi kwenda Nairobi, na huko ndiko kazi inakowekwa mtandaoni.

Vitufe vile nilivipenda, nisikufiche. Mchana kutwa, feni ikizunguka taratibu juu yangu, niliviviringisha pembe, nikavipaka kijani cha nyasi baada ya mvua, nikavitia kivuli hadi vikawa kama vinaelea. Vyote sawasawa, mistari imenyooka.

Akaja Hawa Abdi kuona kitufe chake. Alikuwa akiuza maziwa ya ngamia sokoni. Vita vilimtenganisha na kaka yake Yusuf walipokuwa wakikimbilia mpakani, upande wa Diff, na wengine wote wa kwao walikuwa wamekufa. Akainama mbele ya kompyuta.

“Wariya, kijana, mimi ni gani hapa?”

“Huyu, eedo,” nikamjibu, nikimwita shangazi kwa Kisomali. “Hawa Abdi.”

“Na huyu?”

“Hawa Abdi mwingine.”

“Na ile ya chini?”

Nikamsomea: Hawa Abdi tena. Akacheka mpaka akashika meza. “Wallahi, kijana ya Nairobi! Umevalisha watu yote yunifomu, kama watoto ya shule. Sasa Yusuf atajua dada yake aje?”

“Atabonyeza mmoja mmoja.”

Kicheko kikamwisha. “Labda huko analipia kompyuta kwa dakika. Atachoka, ataenda zake. Halafu mimi nibaki na nani?”

Akasema kisimani ngamia wanafanana vilevile, lakini hakuna anayehangaika. Mtu hutazama shingoni, kwenye chapa ya moto ya ukoo. Kisha akachora kwa kidole kwenye vumbi la meza yangu: mstari uliopinda kama ndoano, na nukta mbili chini yake. “Hii ni ya baba. Weka.”

Nikaiweka kwenye kitufe chake. Habari zikaenea sokoni, wengine nao wakaja kuchora za kwao, na mistari yangu mizuri ikaharibika yote. Iliniuma kidogo.

Siku moja simu ya ofisi ikalia kutoka nchi ya mbali. Nikakimbia sokoni kumwita Hawa. Aliushika mkono wa simu kwa mikono miwili, akasikiliza, akakaa sakafuni palepale. Baadaye alitufasiria neno la kwanza la Yusuf: “Nimeona shingo ya ngamia wa baba.” Walizungumza muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kuwaambia simu ni ghali.

Mwanangu, ukitengeneza kitu cha watu, usikimbilie kukipenda. Mwite kwanza mmoja wao ajitafute ndani yake. Akijikosa, kivunje, hata kama kinapendeza. Uzuri wa kazi autamke yule aliyekuwa anaihitaji.

Mwaka uliofuata niliondoka na sikurudi tena. Miguu yangu haijawahi kujua kutulia. Asubuhi ya kuondoka Hawa alinifuata kwenye basi, akaniwekea mkono kichwani mbele ya abiria wote. “Zunguka,” akasema, “lakini Mungu asikufanye mtu wa kutafutwa asionekane.” Dua hiyo nimetembea nayo miji mingi. Sasa nakupa wewe: popote utakapofika, Mola akuwekee mtu wa kukutambua kutoka mbali.