Kapu Nililomwaga

Mimi ni mtu wa kulalamika, na ninachokilalamikia kuliko vyote ni kompyuta. Nina kibanda cha steshenari mjini Singida. Nachapa barua, natoa fotokopi, na napiga windo, yaani kompyuta ya mtu ikishachoka naifuta yote na kuiwekea programu zake upya. Kwa kazi hiyo nimekuwa na maoni mengi kuliko diwani. Kompyuta za siku hizi zinanichefua. Unawasha uchape barua ya mtu anayewahi basi la Kiomboi, yenyewe inakwambia subiri, najisasisha, usinizime. Nani kakutuma? Programu ya kuandika tu inataka intaneti, inataka nywila, inataka barua pepe, bado kidogo itake na barua ya mtendaji wa kijiji. Printa ndiyo sitaki hata kuianza. Inasema karatasi imekwama, unafungua, karatasi haipo.

Na wenye kompyuta nao! Mtu anakuletea flashi imeoza kwa virusi, ukimwambia ananuna. Vijana wanajaza magemu kwenye mashine ambayo hata kikokotoo inakifungua kwa kuhema, halafu wanakuja kwangu, eti mashine inakwama. Si lazima ikwame!

Zamani hayo yote nilikuwa nayasema kwa sauti, mteja akiwa palepale anasikia. Siku hizi nikifika kwenye magemu naishia njiani. Sababu yake ni aibu, na aibu yenyewe nimeila peke yangu karibu miaka minne.

Nina shangazi, dada wa marehemu baba, anakaa Ilongero. Analima alizeti na uwele, ana ng'ombe wachache, na ndiye mwenye kichwa cha ukoo wetu. Ukitaka kujua nani kazaliwa na nani, unakwenda kwake. Wakati mmoja kijana wetu mmoja alimpata mchumba huko mjini, wakapendana, barua ya posa ikaandikwa, na siku ya kuipeleka ndipo ikajulikana kwamba babu zao ni ndugu wa tumbo moja. Loo, ulikuwa msiba bila maiti. Shangazi akasema haiwezekani, wazee wanakwisha, na hawa watoto wanakutana mijini hawajuani. Lazima ukoo uandikwe.

Nikampa laptopu yangu ya zamani. Hapo nilisifiwa sana, na mimi sifa napenda. Siku ya kumfundisha nilifika nikiwa na haraka, bodaboda ananisubiri nje, simu iko sikioni. Nilimfundisha kwa nusu saa. Kuwasha hivi, kuzima hivi, kuandika bonyeza hapa, faili unalishika hivi unalivuta. Ningekuwa mwalimu wa darasa la kwanza, wazazi wangeandamana. Shangazi akaweka kidole kwenye kioo, kwenye ile picha ya chombo iliyokaa juu kabisa pembeni. Akauliza, "Na hili kapu, baba?" Huwa ananiita baba, kwa kuwa mimi ni mtoto wa kaka yake.

Nikamjibu bila kugeuka, "La kuwekea vitu, shangazi."

Ndivyo nilivyosema. Nilitaka kumaliza niondoke.

Sasa mtu wa mjini, anayejua kwamba picha ile ni pipa la kutupia mafaili, atacheka. Lakini nyumbani kwetu hakuna chombo cha takataka ndani ya nyumba. Taka unazifagia zinakwenda nyuma, kwenye shimo au shambani. Kapu ni kitu cha heshima. Kwa shangazi kapu linaning'inia chumbani juu ya kitanda, na ndani yake kuna mbegu bora za mwakani, kuna cheti cha ndoa, kuna kanga ambayo haijawahi kuvaliwa. Mtoto halisogelei. Basi shangazi alipoliona kapu kwenye kioo, na mjuaji mwenyewe kamwambia ni la kuwekea vitu, alijua pa kutunzia ni hapo.

Akafanya kazi miaka miwili. Aliwafuata wazee Mungaa, akaenda mpaka Iramba kwa walioolewa huko, akakaa nao, akaandika kwenye daftari. Akirudi anaingiza kwenye kompyuta kwa vidole viwili, kisha anachana kurasa za daftari na kuwashia moto, maana alinisikia nikisema kwamba kompyuta ndiyo inatunza, karatasi inaliwa na mchwa. Hilo nalo nililisema mimi. Kila faili akilimaliza analivuta kwenye kapu. Akitaka kuongeza jina analitoa, anaandika, analirudisha. Watatu kati ya wazee aliowahoji walifariki akiwa bado anaandika.

Kwake alikuwa anakaa na mjukuu, mtoto wa binti yake, darasa la tano wakati huo. Mimi ni mjomba wake. Alikuwa binti mwepesi, mcheshi, anayeuliza maswali mpaka unachoka. Ndiye aliyekuwa akimsomea bibi yake majina kwa sauti wakati wa kuhakiki. Akimaliza anaruhusiwa kucheza gemu la magari alilopewa na mwenzake wa shule kwenye flashi. Gari jekundu linakimbia, likigonga linapinduka, basi. Alilipenda hilo gari jamani.

Kikao cha ukoo kilipangwa baada ya mavuno ya alizeti. Shangazi angesimama asome ukoo wote, halafu nakala zichapwe kwangu kila nyumba ipate yake. Jumamosi moja kabla ya kikao akanipigia simu, mashine imekuwa nzito, nije niitazame.

Nikaenda na maneno yangu yote. Nilipoona gemu nikaanza hotuba. "Unaona? Ndiyo haya! Mashine ya kazi mnaifanya uwanja wa mpira." Yule binti akacheka, akajificha nyuma ya bibi yake. Nikamwuliza shangazi, "Vitu vyako umeviweka wapi?"

"Vipo vizuri, baba. Vyote nimeviweka mahali pake."

Nikafungua sehemu ya kuhifadhia mafaili. Tupu. Nikatabasamu kimoyomoyo, nikajisemea huyu mama wa watu hajaandika chochote, anaona haya kusema. Nikaona lile pipa la taka limejaa, nikabonyeza kulimwaga. Kompyuta ikaniuliza, una uhakika? Nikabonyeza ndiyo. Ile mashine ninayoitukana kila siku iliniuliza vizuri kabisa, na sikutazama kuna nini ndani. Kisha nikaipiga windo, safi, kama mpya. Nilikunywa chai na viazi vitamu huku inajijaza, nawasimulia jinsi watu wasivyojua kompyuta.

Ilipowaka, inakimbia, nikampa kiti shangazi ajionee. Akakaa, akavaa miwani. Akaligusa kapu.

"Baba, mbona kapu halina kitu?"

Nikasema, "Si ndiyo, nimelisafisha."

"Umevihamishia wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilimwomba anipishe, nikatafuta huku na huku, nikachomeka flashi yenye programu ya kufukua vilivyofutwa. Ikaleta vipande, herufi mbovumbovu, alama za kuuliza, jina moja la mtu katikati ya takataka. Shangazi amesimama nyuma yangu, mikono ameifumbata, anangoja. Alikuwa bado ananiamini. Hiyo ndiyo iliyonimaliza. Kama angenifokea, nadhani ningesema kweli.

Akauliza, "Ni nini kimekula?"

Nikasema, "Virusi."

Angalau ningeishia hapo. Lakini mjuaji haishii hapo, anataka kutoa na maelezo. Nikasema, "Virusi vinakuja na haya magemu, shangazi. Ile flashi ya shule, ile pale mezani, ndiyo imeleta."

Yule binti alikuwa mlangoni. Nilimwona anavyotazama ile flashi, halafu anamtazama bibi yake. Hakulia. Alisema tu kwa sauti ndogo, "Lilikuwa gari tu." Nami, Mungu anisamehe, nikakunja waya wa chaji nikautia kwenye mfuko wa laptopu, taratibu, kama daktari aliyemaliza kazi.

Shangazi hakumpiga. Alimwambia neno moja tu, "Usiiguse tena kompyuta, wewe." Na kwenye kikao akasimama mbele ya watu, mama mzima, akaomba radhi kwamba kazi ya miaka miwili imepotea kwa mchezo wa mtoto. Wazee wakaguna. Mzee mmoja akasema wale watatu waliokufa wamekufa mara ya pili. Shangazi wengine wakamwita binti, wakamtazama kuanzia juu mpaka chini. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele kama mtaalamu. Wakaniuliza, nikaeleza virusi ni nini. Nilieleza vizuri sana! Nikikumbuka ile sauti yangu nyororo, natamani kujizaba kofi.

Tangu siku hiyo ndugu wakimwona yule binti wanamtania, "Huyu ndiye aliyetufutia babu zetu." Wengine walikuwa wanacheka kweli, hawana ubaya. Yeye alikuwa anacheka pia, lakini aliacha kuuliza maswali. Nikienda Ilongero anachota maji yangu ya kuoga, anapasi shati langu, na hakai tulipo. Nilijiambia ni utu uzima unaingia. Nilimnunulia mkoba wa shule. Nilimnunulia viatu. Kila kitu nilimpa, ila kile alichokuwa anakihitaji.

Usinione sikujaribu. Nimewahi kupanda bodaboda mpaka Ilongero nimejikaza kabisa, leo nasema. Nafika, shangazi ananipokea kwa furaha, ananipa kiti kizuri, anamwambia jirani huyu ndiye fundi wetu. Naongea habari za mvua, narudi mjini. Njiani najitukana.

Mwaka huu wakati wa likizo nilikwenda kumwona. Binti sasa yuko kidato cha pili, anasoma bweni huko upande wa Iramba, na siku hiyo alikuwa amerudi, yuko jikoni. Shangazi alikuwa anapeta uwele, ananisimulia habari huku anacheka. "Mpwa wako vituko haviishi. Shule wameletewa kompyuta. Eti wenzake wote wanakaa, yeye anasimama mlangoni. Mwalimu kamwuliza, akasema yeye akigusa atawafutia wenzake kazi zao. Mwalimu akadhani anatania. Muhula mzima anasimama mlangoni!"

Shangazi akacheka tena, akapeta. Mimi nikashindwa kucheka. Nilimwona yule mtoto kasimama mlangoni, wenzake wanabofya.

"Shangazi," nikasema, "hakukuwa na virusi."

Akaendelea kupeta kidogo. "Virusi gani?"

Nikamwambia. Nilianzia kwenye nusu saa ile, simu sikioni, kapu la kuwekea vitu. Nikamwambia kapu lile ni la taka, kwamba mimi ndiye niliyelimwaga kwa mkono wangu, mashine ikaniuliza nikasema ndiyo. Nikamwambia gari lile halikufanya kitu, nilijua halikufanya kitu nikiwa nasema. Nililia. Mwanamume na ndevu zangu, nalia mbele ya ungo wa uwele.

Shangazi aliweka ungo chini. Nilikuwa nangoja anitukane, nilitamani anitukane. Akasema kwa Kinyaturu maneno ambayo baba alikuwa akiniambia nikiwa mdogo nimefanya ubaya, kisha akageukia Kiswahili kama anaongea na mgeni.

"Umeniambia mimi kwa nini? Mimi nilipoteza majina tu."

Akaita. Binti akaja kutoka jikoni, mikono ina unga, akanipigia magoti kunisalimia. Shangazi akasema, "Simama. Mjomba wako ana maneno. Na ayaseme yote, kama alivyoyasema kwangu."

Nikarudia. Mara hii sikulia, maana niliona kulia nako ni kujihurumia. Nilisema kwa maneno mafupi, "Si gemu lako. Ni mimi niliyefuta. Nilijua, nikakusingizia, nikanyamaza miaka yote hii. Nisamehe."

Alinisikiliza akiwa anatazama chini, anakwangua unga kwenye vidole, kidole kimoja baada ya kingine. Nilipomaliza hakunitazama. Alimgeukia bibi yake.

"Bibi, ni kweli siyo mimi?"

Nikasema haraka, "Ni kweli, mwanangu."

Hakugeuka. Aliendelea kumtazama bibi yake, akisubiri ajibu yeye.