Jirani Ambaye Kamwe Haendi Barazani

Mtakaosoma haya, nianze kwa kuomba msamaha. Mwandiko wangu umelala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe, na kuna maneno ambayo sijui kama yana h au hayana. Niliishia darasa la saba. Tena naandika polepole sana, ukurasa mmoja kwa siku mbili, kwa sababu kila neno nikishaliandika nakaa nalitazama kwanza.

Tulikuwa tunakaa Huruma, hapa Eldoret, mimi na shangazi yangu, dada ya baba. Ploti ilikuwa na milango minane iliyotazamana, mfereji mmoja, na karo ya simiti ambayo tulifulia kwa zamu. Shangazi aliuza maziwa. Mimi nilifagia pamba katika kiwanda cha nguo, zamu ya asubuhi, na nikirudi nyumbani hata nyusi zilikuwa nyeupe. Pale kiwandani kulikuwa na wasichana waliokaa mezani wakikagua vitambaa na kuandika kasoro kwenye fomu, kwa Kiingereza. Walikuwa na viti. Nilikitaka kiti kimoja, na ndiyo sababu nikaanza masomo.

Aliyetufundisha alikuwa mwanafunzi wa chuo, kule Chepkoilel. Alikuja Jumanne na Alhamisi saa kumi, katika chumba kidogo nyuma ya kanisa, bila malipo. Tulikuwa watu tisa. Kwa majuma mengi alishikilia jambo moja tu, kumweleza mtu kwa yale anayoyafanya.

"Usiniambie mtu ni mzuri au mbaya," alisema. "Niambie hufanya nini, na hufanya mara ngapi."

Akaandika ubaoni: The woman who always sweeps the yard is my aunt. Yaani, mwanamke ambaye kila mara hufagia uwanja ni shangazi yangu. Akatuambia kwamba maneno kama kila mara, mara nyingi, mara chache na kamwe, Kiingereza huyataka yakae hapo katikati, baada ya who na kabla ya kitendo, si kutupwa nyuma.

Mpishi mmoja wa hoteli akauliza, "Na nikiyatupa nyuma, mwalimu?"

"Watakuelewa, lakini watakutazama."

"Basi mimi nimezoea kutazamwa," akasema yule mpishi, na tukacheka.

Somo lile lilinifaa kuliko yote niliyowahi kufunzwa. Mimi ni mtu wa haya. Mtu mzima akinisalimu najibu nikitazama viatu vyake. Lakini kutazama kutoka mbali, hilo naliweza. Nikawa nakaa mlangoni kila jioni, daftari magotini, nikitafuta mtu na mara zake. Sikubahatisha. Kama niliandika mara nyingi, ujue niliona kwa macho yangu, siku nne katika tano. Mama wa mlango wa tatu, ambaye mara nyingi hugombana na bwana yake kabla ya chai. Kerateka, mwangalizi wa ploti, ambaye mara chache hufunga lango. Shangazi, ambaye kila mara huongeza maji kidogo kwenye maziwa. Hiyo ya shangazi niliifuta, halafu nikairudisha, kwa sababu ilikuwa kweli.

Niliyemwandika zaidi alikuwa fundi wa redio, mlango wa saba. Alikuwa mtu mrefu kutoka upande wa ziwa, akikaa peke yake kati ya redio za watu zilizofunguliwa matumbo. Nilimpenda kwa sababu hakunihimiza kuongea. Nikimpelekea maziwa alisema tu, "Asante, binti," na wakati mwingine akanipa betri zilizokwisha nikazianike juani, zipate nguvu kidogo. Nikamwandika hivi: mtu ambaye kila mara hufunga mlango wakati wa habari ni jirani yetu. Nikaongeza: mtu ambaye kamwe haendi barazani. Mwalimu aliweka vema nyekundu kwenye zote mbili. Siku hiyo nilirudi nyumbani kama mtu aliyekwisha kupewa kiti.

Chama bado kilikuwa kimoja. Vijana wa chama walisimama karibu na soko na kuuliza watu kadi. Baraza la chifu likiitwa, asiyefika alijulikana. Mwanamume wa ploti ya nyuma alikuwa amechukuliwa na kuulizwa maneno aliyosema baani, na aliporudi hakueleza lolote. Tangu hapo watu walishusha sauti mtu wasiyemjua akipita, na aliyesikiliza habari za redio za nje alijifungia kwanza. Haya yote niliyajua. Sijui kwa nini sikuyaweka pamoja na daftari langu.

Jumamosi moja mvua ilikuja ghafla tukiwa tumeanika nguo. Nilikimbia kuzitoa kwenye kamba, na daftari nikaliacha juu ya karo. Nilipotoka tena, Mama wa mlango wa tatu alikuwa amelishika, amesimama chini ya mabati na wengine. Yeye hasomi Kiingereza. Alimwita binti yake wa darasa la sita.

"Hebu tusomee. Huyu msichana anaandikanga nini kila siku akituangalia?"

Mtoto akasoma kwa sauti ya darasani, akitafsiri neno kwa neno. "Mama ambaye mara nyingi hugombana na bwana yake kabla ya chai..."

"Ni mimi huyo?"

"Ni wewe, Mama," akasema kerateka, akicheka mpaka akashika ukuta. "Na ni kweli, hata chai yenyewe inachelewanga!"

"Kerateka ambaye mara chache hufunga lango," mtoto akaendelea.

Kicheko cha kerateka kikakatika. "Ati nini? Hiyo imeandikiwa landilodi?"

Shangazi naye akasomwa na maji yake, na mwanamke mmoja akasema, "Haki, mimi nilijua!" Kwa dakika ile ilikuwa karibu iwe mchezo. Halafu mtoto akafungua ukurasa mwingine na kusoma ya mlango unaofungwa wakati wa habari, na ya mtu ambaye kamwe haendi barazani. Hakuna aliyecheka. Mama wa mlango wa tatu alilifunga daftari, akalirudisha juu ya karo, mahali palepale nilipoliacha, penye maji.

Fundi alikuwa mlangoni kwake, bado ameshika chuma chake cha kuchomea waya.

"Binti," akasema, "unamwandikia nani?"

"Mwalimu."

"Mwalimu gani anataka kujua nafunga mlango saa ngapi?"

Nilikuwa na jibu. Tena lilikuwa fupi: ni zoezi, tunajifunza Kiingereza. Lakini watu wote walikuwa wananitazama. Nilitazama viatu vyake. Alingoja. Alingoja muda mrefu kuliko ambavyo mimi ningemngoja mtu. Kisha akaingia ndani na kufunga mlango, mchana.

Kuanzia siku iliyofuata niliogopwa. Afadhali wangenitukana. Nikienda mferejini, wanawake walisogeza ndoo zao na kusema, "Tangulia, dada, wewe una kazi." Mimi, mdogo kuliko wote. Mtu aliletea shangazi sukari nusu kilo bila sababu. Kerateka akaanza kufunga lango kila jioni, kwa kishindo, ili nisikie. Shangazi aliniambia, "Nenda umwambie yule mzee ukweli. Mimi nikimwambia atasema nimetumwa."

Jumanne nilimwomba mwalimu aje aeleze. Alisoma tena kurasa zile alizoziwekea vema, na nikaona mkono wake unatafuta kiti. "Mimi ni mwanafunzi wa chuo," akasema. "Nikisimama kwenye ploti yenu watu wakakusanyika, nitaulizwa kibali cha mkutano. Mwandikie barua. Kwa Kiswahili." Akanirudishia daftari kama kitu cha moto, na sikumlaumu.

Nikaanza barua. Jumanne niliandika salamu. Jumatano niliandika kwamba mimi si mtu wa kupeleka maneno, nikaona inasikika kama maneno ya mtu wa kupeleka maneno, nikachana. Alhamisi niliandika tena, taratibu, nikieleza kiwanda, kiti, ubao na mifano. Mara mbili nilifika mlango wa saba na kusikia akisogeza vitu ndani, nikarudi. Nilijiambia barua ikiwa safi sitalazimika kusema lolote.

Ijumaa nilipotoka zamuni, barua mfukoni, mlango wa saba ulikuwa wazi na chumba kimefagiwa. Redio za watu zilikuwa zimepangwa kwa kerateka, kila moja imefungwa na karatasi yenye jina la mwenyewe. Zote zilifanya kazi. Wengine walisema ameonekana upande wa Moi's Bridge, wengine wakasema amerudi kwao ziwani. Hakuna aliyekuja kumwulizia, si chifu wala vijana wa chama. Hakuna aliyekuwa anamtafuta. Alinikimbia mimi.

Kiti kiwandani nilikipata mwaka uliofuata. Naandika kasoro za vitambaa, na kitambaa hakiogopi. Tulihama ploti ile, na majirani wa sasa hawajui habari hii. Lakini jioni siwezi kutulia. Natoka, narudi, nafungua dirisha, nalifunga. Siku hizi vyama ni vingi na watu wanasema wanachotaka, na mimi bado nina jibu moja sijalipeleka.

Fundi, lilikuwa zoezi la Kiingereza. Hakuna mwingine aliyelisoma ila mwalimu. Nilipaswa kukuambia pale mlangoni.

Na ninyi wengine, simwelezi zaidi ya hapa, hata kama maelezo zaidi yangewasaidia kumtambua. Lakini kama kuna fundi kwenu aliyewahi kuacha kazi Eldoret, msomeeni haya, halafu mniandikie mnijulishe kama amesikia. Kama ni wewe mwenyewe unayesoma, niandikie hata mstari mmoja. Hata ukiwa wa matusi, nitaupokea.